Kanuni ya "duka la karibu kwanza" inaharibu mwisho wa mzunguko, nirekebishe vipi?

mkate_moto
Wakuu, kirikuu moja inatoka bekari ya Buguruni, Dar, inashusha mkate maduka 20, kisha inarudi. Programu inafuata kanuni moja tu: ulipo, nenda duka la karibu zaidi ambalo bado halijashushiwa. Mwanzo inakwenda vizuri, ila mwishoni yanabaki maduka mawili matatu yaliyorukwa, moja Tabata, jingine Temeke, na gari linakata mji mzima kuyafuata. Umbali naupima kwa mstari mnyoofu wa GPS. Nijaribu mipangilio yote nipate iliyo fupi kabisa, au hii inarekebishika? Maduka sita lazima yapate mkate kabla ya saa 12:30 asubuhi.

kokotoa
Kujaribu yote achana nako. Kwa maduka 20, ukihesabu kwenda na kurudi kwa njia ileile kuwa mpangilio mmoja, ipo 1,216,451,004,088,320,000. Kompyuta inayokagua bilioni moja kila sekunde itachukua zaidi ya miaka 38.

Kanuni yako ni hiuristiki (kanuni ya mkato) ya pupa: inaangalia hatua moja mbele, gharama ya kurudi haiioni. Chukua barabara moja iliyonyooka, bekari ikiwa kilomita 0. Mashariki kuna maduka kwenye kilomita 1 na 5, magharibi kwenye 2 na 10. Karibu-kwanza itakwenda 1 mashariki, 2 magharibi, 5 mashariki, 10 magharibi, nyumbani: 1+3+7+15+10 = kilomita 36. Ukimaliza upande mmoja ndipo uende wa pili, ni 30.

Dawa yake ni 2-opt, mbinu ya kurekebisha njia iliyoelezwa na mtafiti Croes mwaka 1958. Chukua vipande viwili vya njia, A–B na C–D. Vikate, unganisha A–C na B–D, na vituo vya katikati vigeuzwe mpangilio. Kama jumla imepungua, bakiza. Kama haikupungua, rudisha. Kwenye mfano huo, kata (mashariki 1 – magharibi 2) na (mashariki 5 – magharibi 10), kilomita 3+15. Unganisha upya: 4+8. Umeokoa 6 kwa badiliko moja, na 30 ndiyo fupi kabisa.

Una nodi (vituo) 21 pamoja na bekari, kwa hiyo kila duru ina jozi 189 tu za kukagua. Rudia hadi duru nzima ipite bila badiliko. Angalizo: kubali badiliko pale tu jumla inapopungua kwa kiasi ulichoweka, mfano mita 1. Ukikubali sare, au ukaamini desimali za mwisho za kompyuta, programu inaweza kuzunguka milele ikigeuza jozi zilezile.

2-opt nayo hukwama: hakuna jozi inayosaidia, na bado njia fupi zaidi ipo. Basi anzisha karibu-kwanza kutoka kila nodi kati ya zote 21, pitisha kila moja kwenye 2-opt, chukua iliyo bora, halafu zungusha orodha ianze bekari.

jedwali
Miaka 38 ni kumtisha mtu bure, mkuu. Hiyo ni ya anayehesabu kijinga. Njia ya watafiti Held na Karp ya mwaka 1962 hutoa jibu bora kabisa kwa kutunza kwenye jedwali, kwa kila kundi la maduka na duka la mwisho kwenye kundi hilo, gharama ndogo ya kufika hapo. Kwa maduka 20 ni seli kama milioni 21; kila moja ikiwa baiti 4, ni MB 84. Hesabu ni kama milioni 420, sekunde chache kwa lugha ya programu ya C, dakika kadhaa kwa Python ya kawaida. Ila usiizoee: ukifika maduka 30 jedwali linataka GB 129 hivi.

ramani_na_foleni
Wote wawili mnapiga hesabu safi juu ya namba mbovu. Mstari mnyoofu Dar ni hatari. Kivukoni na Kigamboni zinatazamana, lakini gari liko kwenye foleni ya kivuko au linazungukia Daraja la Nyerere. Bonde la Msimbazi ndiyo hivyohivyo. Tengeneza jedwali la dakika, si kilomita, 21 kwa 21, la saa ambazo gari linatembea kweli.

Ukifanya hivyo, kwenda na kurudi havitalingana. 2-opt inageuza kipande cha katikati, kwa hiyo jumlisha upya kipande chote, siyo ncha mbili tu. Ongeza na Or-opt: ng'oa kituo kimoja hadi vitatu vinavyofuatana, vihamishie pengine bila kuvigeuza. Barabara za upande mmoja hazitaisumbua.

Maduka sita ya mapema yape adhabu: kila dakika ya kuchelewa ihesabiwe kama dakika 10 za njia. Usisahau dakika za kushusha kreti; zisipoingia, maduka ya mwisho yataonekana yamewahi kumbe yamechelewa.

Dereva naye mshirikishe. Utafiti wa MacGregor na Ormerod wa mwaka 1996 ulikuta watu wakichora kwa jicho njia zilizokaribia bora kabisa kwenye nukta 10 na 20. Jicho huona njia inapojikata yenyewe, na kwa mstari mnyoofu njia inayojikata siyo fupi kabisa kamwe.

mkate_moto
Nitajuaje pa kusimama? Kila nikiongeza mianzo napata nafuu ya dakika moja, mbili.

ramani_na_foleni
Pima njia ileile siku kadhaa. Kama inapanda na kushuka dakika 15 kwa foleni tu, nafuu ya dakika mbili haina maana. Mwanauchumi Herbert Simon aliiita *satisficing*: weka kiwango kinachokutosha, njia ya kwanza inayokifikia ichukue. Chako kiwe: maduka sita yamewahi na dakika 15 za akiba, na gari limerudi kabla ya mzigo wa pili kutoka tanuruni.

kokotoa
Naongezea: mpangilio ukishapatikana, kreti za duka la mwisho zipakiwe kwanza. Ukibadilisha njia asubuhi gari likiwa limeshapakiwa, dakika ulizookoa zitaishia kuhamisha kreti barabarani.