Mbwa wa nyumbani amekufa: kumzika, kusafisha na kubaki na kumbukumbu yake. Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Kitogani
Huku kusini mwa Unguja mbwa wa msasi anajulikana kiambo kizima kwa jina lake. Siku akifa, maswali ni yale yale: azikwe wapi, nani amshike, watoto waambiweje, kitu gani kibaki. Kila jirani ana jibu, na majibu mengine yana hatari. Sharti la hapa ni moja: machozi kila mtu analia kwake, hapa lete kinachofanyika, vipimo na kinachoharibika. Anayetaka kubishana kama mbwa afugwe au asifugwe afungue mada yake.

Msasi, Muyuni
Saa za mwanzo ndizo zinazopotezwa. Kwa joto letu mwili huanza kukakamaa baada ya saa mbili tatu, kwa hivyo mkunje mapema: miguu ya nyuma tumboni, ya mbele kifuani, kichwa kiinamie ndani, kama alivyokuwa akilala. Mbwa wetu wa kawaida akikunjwa hivyo anaingia shimo la sentimita 80 kwa 60. Akiachwa akakamae amenyooka utachimba karibu mara mbili. Akishakakamaa usimvunje viungo. Hulegea mwenyewe, ila mpaka hapo harufu imeshaanza.

Mvue mkanda wa shingo kabla hajavimba. Tandika magazeti au matambara chini ya makalio na mdomo, maana haja na majimaji yatatoka tu, hata kwa mbwa aliyekufa safi. Macho hayafumbiki, usihangaike nayo. Muweke kivulini juu ya sakafu ya saruji, mfunike mkeka kuukuu na ugandamize pembeni kwa mawe, kwa sababu kunguru huanza na macho. Na awekwe mbali na zizi la mbuzi: mwili ukipoa, kupe humkimbia na kutafuta mwengine. Azikwe siku hiyo hiyo.

Bwana mifugo mstaafu, Chake Chake
Kabla ya jembe, uliza amekufa na nini. Hapo ndipo watu wanaporuka.

Kama siku za mwisho alibadilika tabia, alitoka mate, taya lilining'inia, aliuma vitu ovyo au alishindwa kumeza, mchukulie kuwa ni kichaa cha mbwa mpaka ithibitike vyengine. Usimzike, usimguse mdomo. Mpigie afisa mifugo saa hiyo hiyo. Kipimo kinafanywa kwenye ubongo, na kwa joto hili ubongo unaoza haraka. Kichwa kisipigwe rungu, na asikate mtu asiyefunzwa. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo kwa sindano. Asingojee majibu ya mbwa. Hapa Pemba ugonjwa ulikuwa umeshatoweka ukarudi 2016, kwa hivyo "kwetu haupo" si hoja.

Kama ametapika na kutetemeka akafa ghafla, huenda kala sumu. Matapishi yafukiwe pamoja naye. Mzoga wa sumu ukitupwa jaani unaua paka na kunguru wanaoula.

Kama ni mtoto wa mbwa aliyekufa kwa kuhara damu, shuku parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Virusi vyake hukaa kwenye udongo mwaka na zaidi. Sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni, kisha dawa ya kung'arishia nguo (jiki), sehemu 1 kwa maji sehemu 30, iachwe dakika 10. Ukimimina juu ya uchafu haifanyi kazi. Na mtoto mwengine wa mbwa asiletwe hapo mpaka amalize chanjo.

Mchimba visima, Jambiani
Udongo ndio unaoamua. Kwenye kinongo, udongo mwekundu wenye kina, chimba mita 1, na udongo juu yake usipungue sentimita 60. Kichanga kinachimbika kwa nusu saa lakini kuta zinaporomoka, na kenge anafukua kwa wepesi ule ule. Ukifika nusu ya kufukia, panga mawe bapa, kisha endelea. Kinamo, udongo wa mfinyanzi, kiepuke wakati wa masika: shimo linajaa maji, na mwili uliokaa ndani ya maji hauozi vizuri, unabaki kunuka miezi.

Uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, ni kazi nyengine. Jiwe liko sentimita chache chini na mtarimbo unadunda. Tafuta mfuko wa udongo, pale mti mkubwa ulipoota. Ukikosa, leta mapolo manne au matano ya udongo, mlaze penye bonde, mfunike wote, kisha chungu ya mawe: madogo ndani, makubwa nje. Kisima kiwe mbali mita 30 kwa uchache, na uwandani zidisha, kwa sababu jiwe la matumbawe lina mapango na maji hupita ndani yake kama bombani.

Pwani hapana. Mchanga unaoonekana mkavu leo unafikiwa na bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na atakayemuona wa kwanza ni mwanamke anayekwenda kwenye mwani wake.

Mgeni, Fuoni
Mbona hamtaji chokaa? Mfuko mmoja unayeyusha kila kitu.

Mchimba visima, Jambiani
Haiyeyushi. Inakausha, inapunguza harufu, na kwa kweli inachelewesha kuoza. Kilo 2 zinyunyizwe juu ya tabaka la kwanza la udongo ili wanyama wasinuse, basi. Kinachozuia kuoza zaidi ni kumfunga kwenye plastiki au kiroba. Kanga kuukuu au gunia la katani linatosha.

Mwalimu wa chuoni, Donge
Kanga moja, sawa. Vipande vitatu vya nguo nyeupe na kafuri, hapana. Mnyama hana sanda wala sala, na majirani watakereka kwa haki. Kufukia mzoga ili usiudhi watu ni jambo jema.

Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mkavu kwa mkavu hauhamishi najisi, tatizo ni majimaji. Mkono, beleshi au ndoo iliyopata unyevu wake ioshwe mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Fanyeni pale pale shimoni. Na anayemlilia asichekwe: mbwa wa Watu wa Pango ametajwa ndani ya Sura ya 18, kanyoosha miguu yake kizingitini.

Swali lililonifikia pembeni: kukata manyoya na kuyaweka kwenye fremu. Manyoya yake ni najisi hata yakikauka, na huwezi kusali nayo mfukoni. Ukumbusho uwe kitu chengine.

Fundi plasta, Mji Mkongwe
Hicho kitu chengine ni chapa ya unyayo wake kwenye plasta. Ichukuliwe kabla mguu haujakakamaa, umefutwa na kukauka.

Chekecha mchanga, ulowanishe mpaka ushikane ukiufinya, ujaze kwenye bakuli kina cha sentimita 5 na uusawazishe. Kandamiza unyayo sentimita 1, uinue wima bila kutikisa. Plasta ya jasi (plasta ya Paris) vikombe 2 kwa maji kikombe 1. Plasta ndiyo inayotiwa ndani ya maji. Ukimwaga maji juu ya plasta utapata madonge. Koroga taratibu, mimina kutoka pembeni, gonga bakuli mapovu yatoke. Saa moja, kisha toa. Kausha kivulini siku kadhaa.

Mchanga wa pwani usiutumie kabla ya kuuosha kwa maji baridi mara nyingi. Chumvi inaifanya plasta ishike kabla hujamaliza kumimina, na baadaye inatoa unga mweupe usiokwisha.

Picha, kwa unyevu wa mjini, isigusane na kioo. Weka karatasi ngumu yenye dirisha katikati, la sivyo masika moja tu inaganda na haibanduki.

Mkulima, Wete
Wanaotaka mti: msiupande juu yake moja kwa moja. Mwili unaooza unatoa nguvu kali inayounguza mizizi michanga, mche unakauka na watu wanasema mkosi. Sogea mita 1, au ngoja masika mbili. Mlangilangi au yasmini vinafaa. Mchicha na muhogo peleka kwengine. Kaburi liinuliwe sentimita 30, litashuka. Ongeza udongo baada ya mvua.

Msasi, Muyuni
Mtoto asiambiwe "amelala", ataogopa kulala yeye. Aambiwe amekufa, hapumui tena, haumwi. Aachwe atie udongo kwa kibeleshi chake.

Mbwa waliobaki hunusa pahala pake na kuacha chakula siku mbili tatu. Wape kwa saa zile zile, kidogo kidogo. Zikizidi siku tatu hawali, huo si msiba tena, mwite bwana mifugo. Mkeka wake uchomwe, nyufa za banda zizibwe kwa saruji: kupe wa mbwa anakaa miezi bila kula, akimngojea atakayelala hapo.