Chumba cha baridi cha samaki Kilwa: mtambo wa mtumba wa R404A au mpya wa propani?

Pweza_wa_Kusini:
Habari zenu wakuu. Mimi nanunua pweza, ngisi na samaki kwa wavuvi hapa Kilwa Masoko, napeleka Dar. Nimechoka kuhangaika na barafu, nataka kufunga chumba changu cha baridi kabla kaskazi haijaingia. Nimepata mitambo miwili. Wa kwanza ni mtumba kutoka Ulaya, uko Dar tayari, unatumia gesi ya kupoozea iitwayo R404A, bei yake kama nusu ya ule mwingine. Wa pili ni mpya, unatumia R290 yaani propani, muuzaji anasema ndiyo gesi ya sasa isiyochafua hewa. Kuna jamaa naye ananiambia achana na yote, weka amonia. Nichukue upi? Natanguliza shukrani.

Fundi_Keko:
Mkuu, hapo bado hujauliza swali. Chumba kina ukubwa gani? Unataka nyuzi ngapi? Kwa siku unaingiza kilo ngapi, na wanaingia wabichi au wameshaganda? Umeme wako fezi moja au tatu? Huo mtumba unabeba gesi kilo ngapi? Piga picha kibao cha kompresa uweke hapa, la sivyo tutaongea hewani.

Nahodha_Jeuri:
Chukua R404A ulale usingizi. Kila fundi anaijua, ukienda Kariakoo hukosi mtungi. Hizo propani ni mabomu, utakuja kuunguza nyumba za watu.

Baridi_Kali:
Nahodha, jiulize kwanza kwa nini Wazungu wanaitupa kwa bei hiyo. Tangu Januari 2020 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuuza majokofu mapya ya biashara yenye gesi ambayo uwezo wake wa kupasha joto dunia ni mara 2,500 ya kaboni dioksidi au zaidi. R404A ni mara 3,922. Propani ni kama 3 tu, amonia ni sifuri. Kule mitambo hiyo wanaing'oa, huku tunaiita ofa.

Na usidhani ni mambo ya Ulaya peke yao. Makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yako chini ya Itifaki ya Montreal, na nchi zinazoendelea za kundi letu zilipangiwa kugandisha matumizi ya gesi za jamii ya R404A (HFC) mwaka 2024, kisha kupunguza asilimia 10 mwaka 2029, 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040, hadi 80 mwaka 2045. Mtambo ukiutunza unakaa miaka 15. Hesabu mwenyewe utakuwa unajaza nini wakati huo, na kwa bei gani.

Nahodha_Jeuri:
Miaka 15 mbele! Mtu anataka pweza wasioze wiki hii.

Mama_Kamba:
Mwanangu Pweza, nisikilize mimi niliyepo Bagamoyo kwenye kamba. Nilinunua mtumba wa R404A kama huo wako. Umepakwa rangi, unang'aa. Kumbe mapezi ya kondensa, ile sehemu ya kutolea joto nje, yalishaliwa na chumvi, ukipitisha kidole yanabaki unga mweupe mkononi. Haikupita muda, kioo cha laini ya gesi kikaanza kutoa mapovu, dalili kwamba gesi imepungua. Nikaita fundi. Hakutafuta panapovuja, alifungua valvu akaiachia gesi yote iliyobaki hewani, sssss, mpaka mabomba yakaota barafu. Ananiambia "tunaanza upya mama", halafu ananiuzia mtungi mzima. Nikauliza si ungeinyonya uihifadhi? Akasema mashine ya kunyonya hana, na gesi yenyewe haina harufu, haidhuru mtu.

Tukaendelea hivyo, kila akija mtungi. Mara ya mwisho akasema R404A imepanda bei, ataniwekea "inayofanana nayo". Nikamwona anashusha kwenye pikipiki mtungi wa gesi ya kupikia! Nikamfukuza. Lakini mpaka nipate fundi mwingine, chumba kilishapanda juu ya sifuri usiku kucha na kamba walishaanza kuwa weusi kichwani. Kamba mweusi kichwa hoteli hawampokei hata umwapie. Nikauza kama chambo.

Nahodha_Jeuri:
Si nilisema propani bomu? Hata mama kamfukuza mtu.

Fundi_Keko:
Pole sana mama. Nahodha, usichanganye mafaili. Gesi ya jikoni ni propani na butani zimechanganywa, ina unyevu na imetiwa dawa ya harufu. R290 imesafishwa na haina harufu. Hatari kubwa ya yule fundi ni kuweka gesi inayowaka kwenye mtambo wa R404A, ambao swichi, rilei na feni zake hazikutengenezwa kukaa karibu na gesi inayowaka. Cheche moja inatosha. Mtambo uliotoka kiwandani kwa R290 umejengwa kwa hilo, na unabeba gesi kidogo. Kikomo cha kimataifa cha gesi hiyo kwenye majokofu ya biashara kilikuwa gramu 150 kwa kila mzunguko, mwaka 2019 kikapandishwa hadi 500. Wewe Nahodha una mtungi wa kilo 15 jikoni na unalala.

Ila propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini. Kwa hiyo mtambo ukae nje au juu, usiuweke kwenye shimo wala kastoo isiyopitisha hewa. Na fundi wa kuugusa awe amesomea.

Kijana_wa_Kilindini:
Ndugu zangu, mnasahau gesi feki. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil, watu 3 wakafa, kwa sababu ndani kulikuwa na R134a (gesi nyingine ya kupoozea) ya kughushi iliyochanganywa na kloridi ya methili, ambayo inashambulia alumini. Hapa Mombasa bado nakutana na mitungi ambayo lebo inasema kitu kimoja na geji inasema kingine. Kila gesi inapoadimika, wajanja wanazidi.

Sangara_Mwanza:
Kuhusu amonia, mimi nimefanya kazi kiwandani nayo. Kwa tani na tani hakuna inayoishinda. Lakini inakula shaba, mabomba yote yawe ya chuma, na ikivuja macho yanakutangulia kukimbia. Kwa chumba kimoja cha mfanyabiashara? Hapana.

Baridi_Kali:
Kaboni dioksidi nayo ipo, supamaketi nyingi za Ulaya wanaitumia. Ila joto likizidi nyuzi 31 haigeuki maji tena kwenye kondensa, presha inapita bari 90. Kwa jua la Kilwa utalipa umeme mpaka uchoke.

Pweza_wa_Kusini:
Asanteni. Ni kontena la futi 20, nataka nyuzi 18 chini ya sifuri. Mzigo haulingani: bamvua likiwa zuri hata kilo 400 kwa siku, maji mafu hata 30 sipati. Kibao kinasema gesi kilo 8. Umeme ni fezi moja.

Fundi_Keko:
Fezi moja! Ungeanza na hilo. Mtumba wa Ulaya wa kubeba kilo 8 bila shaka ni fezi tatu, angalia tena kibao. Na kilo 8 zikivuja zote ni sawa na tani 31 za kaboni dioksidi, kwa kontena moja la pweza. Mimi ningefunga vitambo viwili vidogo vya R290, kimoja kikigoma kingine kinashika. Lakini kilo 400 wabichi hutazigandisha humo kwa siku moja hata ufanye nini. Chumba cha nyuzi 18 ni cha kutunza walioganda.

Jokofu_Dogo:
Kwa nini asinunue huo mtumba aweke R449A, gesi ya mchanganyiko ya kuziba nafasi ya R404A? Oili haibadilishwi, na kiwango cha kupasha joto dunia kinashuka hadi kama 1,400.

Fundi_Keko:
Inawezekana, ila lazima ijazwe ikiwa maji, siyo mvuke, la sivyo mchanganyiko unaharibika. Na matundu ya chumvi aliyosema mama hayajazibwa. Halafu waulize wauza paneli povu lao limepulizwa kwa gesi gani. Kuna ya HCFC-141b, inayokula tabaka la ozoni, na kuna ya saiklopenteni, isiyoila. Hilo hakuna anayeuliza.

Nahodha_Jeuri:
Kwani pweza lazima agandishwe haraka? Akiganda taratibu analainika, hapigwi tena.

Mama_Kamba:
Akiganda taratibu anatoa maji mengi akiyeyuka, unapoteza uzito. Mnunuzi wa Dar anampima akishayeyuka, siyo wewe.

Sangara_Mwanza:
Huku kwetu tunawaweka kwenye barafu ya vipande kwanza washuke joto, ndipo wanaingia ndani. Pweza, si ufunge mashine ndogo ya barafu kabla ya chumba?

Pweza_wa_Kusini:
Mashine ya barafu ya vipande inatumia gesi gani? Na maji ya kisima ya hapa yana chumvi, itakubali?