Rubani msaidizi wa ndege binafsi mpaka lini? Tumechoka kupigwa kalenda

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Mwezi huu kampuni ninayorukia imeleta kapteni kutoka nje kwa ndege ileile ambayo nimeikalia kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwa miaka. Nafasi haikutangazwa. Hakuna aliyeniita akaniambia nimepungukiwa nini. Nilijua baada ya kuliona jina lake kwenye ratiba, juu ya langu. Siku yake ya kwanza nikaagizwa nimwoneshe mambo yanavyokwenda pale kwetu: fomu za safari zinavyojazwa, mwenye ndege anataka taa za ndani ziweje, viwanja gani gari la mafuta huchelewa. Namfundisha kazi mtu aliyeletwa kwa sababu mimi, eti, sijaiva.

Kila tathmini jibu ni lilelile: "bado kidogo." Ukiuliza hicho kidogo ni masaa mangapi, ni safari za aina gani, ni mtihani upi, hupati kitu. Hakuna karatasi. Mitihani ya simuleta (mashine ya kuigiza urukaji) kila miezi sita napita, ripoti ninazo, na hakuna hata moja iliyoandikwa neno la kunizuia. Sasa kinachonizuia ni nini?

Wenzetu walio kwenye mashirika makubwa ya abiria wana malalamiko yao, lakini wengi angalau wana orodha ya ukongwe. Unajua uko namba ngapi, nafasi ikitokea inatangazwa, unaomba, unaingia kozi ya kupanda, unafaulu au unafeli. Ukifeli unaambiwa umefeli wapi. Huku kwetu kwenye ndege za binafsi na za kukodi, kampuni nyingi zina ndege mbili tatu, kapteni yupo na anapendwa na mwenye ndege, basi. Hata ile kanuni ya kimataifa ya ukomo wa umri wa rubani, miaka 65, inahusu safari za kibiashara za kimataifa. Ndege inayomrusha mwenyewe na familia yake haiguswi na kanuni hiyo, kwa hiyo kapteni akiwa na afya na cheti cha daktari anaendelea tu. Simlaumu mzee yeyote kwa kuipenda kazi yake. Ninayemlaumu ni meneja anayejua fika kwamba kiti hakitaachwa wazi, na bado siku ya kuniajiri alinikazia macho akasema "baada ya muda mfupi utakuwa kushoto," yaani kiti cha kapteni.

Halafu wanakuja na hoja ya masaa ya kuruka. Twendeni kwenye masaa.

Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema leseni ya ATPL, ile ya juu kabisa ya urubani, inataka masaa 1,500. Hayo tunayapata, tena mapema. Ugumu uko kwenye sharti la pili: ndani ya hayo uwe na masaa 500 ya kufanya kazi ya kapteni chini ya usimamizi, au masaa 250 ya ukapteni, ambapo angalau 70 yawe ya ukapteni kamili na yaliyobaki yanaweza kuwa ya chini ya usimamizi. Someni tena hapo. Sheria yenyewe imeshamfikiria rubani msaidizi, imempa njia. Akae na kapteni, apange safari, aamue mafuta, aamue kuhusu hali ya hewa, arushe, atue, na kapteni asimamie kisha atie saini.

Nani anatiwa hiyo saini? Kitabu changu cha masaa kina safu hiyo, na imejaa nafasi tupu ukurasa baada ya ukurasa. Kapteni mmoja tu aliwahi kuniwekea saini, naye ameshaondoka. Wengine wanasema kampuni haina utaratibu huo. Meneja anasema utaratibu upo ila ni hiari ya kapteni. Natupwa huku na huku kama mpira.

Kuna na hili ambalo vijana wengi hawalijui mpaka wameshaumia. Ukiajiriwa kwenye jeti iliyoidhinishwa kurushwa na rubani mmoja, mfano Citation CJ3 au Phenom 300, ulizia mapema masaa yako yatahesabiwaje. Kiambatisho hichohicho kinasema kwamba hata pale nchi inapolazimisha ndege ya namna hiyo iwe na rubani msaidizi, masaa yake ya kuelekea leseni ya juu yanahesabiwa yasiyozidi asilimia 50, isipokuwa mamlaka iridhie vinginevyo. Nusu! Kijana anaamka usiku wa manane, anarusha, anatua, kumbe nusu ya jasho lake imepotea, na aliyemwajiri alilijua hilo tangu mwanzo.

Tuje kwenye urushaji wenyewe. Ndege ikiwa tupu, inakwenda kumchukua mtu au inarudi nyumbani baada ya kumshusha, "haya, hii ni yako." Abiria akipanda ngazi, mikono inabadilika. Mimi nabaki na redio, orodha ya ukaguzi, mizigo, barafu kwenye droo, na kusimama chini ya ngazi. Kazi hizo sizidharau na nazifanya vizuri. Lakini miaka inapita, kisha mtu anakuambia hujazoea presha ya abiria aliye nyuma. Nitaizoea wapi wakati kila abiria akiingia nanyang'anywa usukani?

Najua wapo watakaonijibu kwa hoja ya usalama, na watataja ajali ya Teterboro, kiwanja cha ndege cha New Jersey, Marekani. Nawatangulia. Tarehe 15 Mei 2017 jeti ndogo aina ya Learjet 35A iliyotoka Philadelphia bila abiria ilianguka ikikaribia kutua Teterboro, marubani wote wawili wakafa. Aliyekuwa akirusha kwa sehemu kubwa ya safari alikuwa rubani msaidizi ambaye kampuni yake ilimweka daraja la sifuri, yaani haruhusiwi kabisa kushika usukani. Kapteni alimwachia hivyo hivyo, akaja kuupokea dakika za mwisho mambo yakiwa yameshaharibika. Wachunguzi wa Marekani waliitaja pia kampuni kwa kukosa mifumo ya kubaini na kurekebisha utendaji mbovu wa marubani wake. Mnaona fundisho hapo ni kumnyima msaidizi usukani? Mimi naona watu wawili walioachwa wajipangie mafunzo yao angani kienyeji, kwenye safari tupu, bila programu, bila msimamizi aliyeandaliwa kusimamia. Na kugawiwa safari tupu kwa huruma ya kapteni ndiyo "mafunzo" ninayopewa mimi leo. Anayejali usalama aandike programu, atuweke kwenye simuleta tukae kushoto, atupe kapteni mwalimu, atupime. Tukishindwa atuambie.

Bima sasa. Hili ndilo linalonichoma kuliko yote, kwa sababu ndilo kichaka chao kikubwa. "Sisi tungekupandisha hata kesho, bima ndiyo haitaki." Kweli, bima ya ndege huwa na masharti ya marubani: masaa ya jumla, masaa ya ukapteni, masaa kwenye aina ile ya ndege. Ndiyo maana inakuwa rahisi kuleta mtu wa nje ambaye masaa yake ya kushoto yapo tayari kuliko kumlea wa ndani. Lakini masharti hayo hayakushuka kutoka mbinguni, yanajadiliwa. Mwenye ndege anaweza kupeleka jina la rubani kwa wakala wa bima pamoja na rekodi zake za simuleta na mpango wa mafunzo, akaomba akubaliwe, mara nyingine kwa sharti la kuruka kwanza masaa kadhaa na kapteni mzoefu pembeni. Watu wanapandishwa kwa njia hiyo. Inatakiwa barua moja tu na mtu wa kuisukuma. Nilimuuliza meneja kama amewahi kulipeleka jina langu. Akaniambia wakati wake bado. Kumbe bima haijawahi kukataa, maana haijawahi kuulizwa!

Na mkataba wa mafunzo? Huo waliuandika vizuri, kila mstari. Nikiondoka kabla ya muda narudisha gharama za kozi ya ndege, na hesabu imewekwa mwezi kwa mwezi. Ninachodaiwa mimi kina karatasi na saini ya mwanasheria. Ninachodai mimi ni maneno ya mdomoni.

Wanaoniambia niondoke, nimesikia. Ila nikienda kampuni nyingine naanza tena kiti cha kulia kwenye ndege nyingine, masaa ya aina hii ya ndege nayaacha nyuma, na huko nako nitaambiwa bado kidogo. Anayeondoka anaondoka na umri wake, tatizo linabaki palepale likimsubiri kijana anayefuata.

Ninachotaka ni ukurasa mmoja kwenye mkataba. Masaa mangapi, safari ngapi zenye abiria nitakazorusha mwenyewe, nani atatia saini masaa ya usimamizi, bima inataka nini hasa, na lini jina langu litapelekwa huko. Nikifika hapo nipimwe. Nikifeli nitakubali, nitarudi kulia, na sitafungua uzi mwingine.

Juzi nimemwandikia meneja nikiomba nione ukurasa wa masharti ya marubani kwenye bima ya ndege yetu. Hajajibu. Mlio makapteni kwenye ndege za binafsi na za kukodi, tuwekeeni hapa: ahadi yenu ya kupanda iliandikwa au ilisemwa tu? Na bima iliwataka masaa mangapi ya kushoto kabla ya kuwakubali?