Mdogo wangu alimuua shangazi akiwa mgonjwa, sasa wakili anataka daftari langu

Dada_wa_Kwanza:
Habari zenu. Nimeandika na kufuta mara nyingi, leo naandika hivyo hivyo.

Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 24. Miaka mitatu iliyopita alianza kukesha, akawa anaifunika redio kwa shuka akisema watangazaji wanamtaja jina, na ananusa kila anachopewa. Daktari alisema ni skizofrenia, akamwandikia vidonge. Mama akatuambia neno hilo lisivuke mlango. Miezi saba iliyopita alimchoma kisu shangazi yetu, yule aliyetulea baba alipofariki. Hakufika hospitali.

Ukoo umegawanyika. Baba wadogo na watoto wa shangazi wanasema atakayekwenda mahabusu kumwona amelitemea mate kaburi la marehemu. Mama haongei. Ninayekwenda ni mimi tu, na binamu zangu niliolala nao kitanda kimoja utoto mzima hawapokei tena simu yangu.

Wakili anataka kuieleza mahakama kwamba siku ile mdogo wangu hakuwa na akili zake. Ameniomba nitoe ushahidi, na ameniomba daftari. Nilikuwa naandika humo tarehe: leo hakulala, leo amekunywa dawa, leo nimekuta vidonge tisa ndani ya foronya. Ukurasa mmoja, siku kumi na moja kabla ya tukio, nimeandika: "Anasema shangazi anaweka kitu kwenye maji." Niliandika, nikafunga daftari, nikalala. Sikumwambia shangazi.

Na mwenyewe hataki. Juzi aliniambia kupitia wavu: "Dada, usinitangaze kichaa. Bora wanifunge." Nifanye nini? Ukurasa ule nimefikiria kuuchana.

Joho_Kuukuu:
Pole sana, mwanangu. Nimetetea kesi za mauaji mpaka nikastaafu, kwa hiyo nianze na la haraka: usichane kitu. Kuharibu ushahidi kunaweza kukufikisha kizimbani wewe mwenyewe, na daftari lenye ukurasa uliong'olewa hakuna atakayeliamini. Mpe wakili zima zima, ajue mapema kilichomo.

Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza bado zinatumia kipimo kilichotokana na kesi ya Daniel M'Naghten. Mwaka 1843, London, alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akiamini kwamba chama kilichokuwa madarakani kinamwinda. Alipoachiwa hatia watu walikasirika sana, majaji wakatakiwa waeleze sheria inasemaje. Walichosema ni hiki: je, ugonjwa wa akili ulimfanya asijue anachokifanya, au alikijua lakini hakujua kwamba ni kosa? Angalia, swali si kama mtu anaumwa. Familia nyingi hukwama hapo. Cheti cha daktari wanacho, ila hawana cha kuonyesha mgonjwa alikuwaje siku zile. Wewe unacho.

Kuhusu ukurasa unaokuogopesha: mwendesha mashtaka anaweza kuusoma akasema ni chuki, alikuwa na kinyongo na marehemu. Wakili wenu atausoma atasema ni imani ya ugonjwa. Sentensi ni ile ile. Zinazoamua ni kurasa nyingine, zile za kukesha na za vidonge kwenye foronya. Utaulizwa pia baada ya tukio alifanya nini, kama alikimbia, kama alificha kisu. Sema ulichokiona kwa macho yako, hata kama kinamuumiza.

Na binamu zako wajue kwamba hukumu ya aina hii si kurudi nyumbani. M'Naghten hakutoka tena. Alifungiwa hospitalini mpaka alipofariki mwaka 1865.

Mfiwa_2:
Mimi niko upande wa pili, dada. Kaka yangu aliuawa na kijana mgonjwa. Dada yake yule kijana alipanda kizimbani akasema yote, pamoja na kwamba nyumbani walikuwa wanajua. Siku ile nilimchukia, sitakudanganya. Lakini kabla ya hapo kila usiku nilikuwa najiuliza kaka yangu alimkosea nini yule mtoto mpaka akamfanyia vile. Nilitoka mahakamani najua hakumkosea kitu. Hilo sikulipata kwa jaji, nililipata kwa yule dada.

Ninachokuomba: watoto wa shangazi wasilisikie neno la maji kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Mimi nililisikia langu hivyo.

Zamu_ya_Usiku:
Nimeuguza wodi ya wagonjwa wa akili. Kukataa kuwa unaumwa mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, usimchukulie mdogo wako kama mkaidi. Msome David Kaczynski wa Marekani. Ni yeye aliyewapelekea wapelelezi shaka yake juu ya kaka yake Ted, aliyekuwa akituma mabomu kwa posta; watu watatu waliuawa. Ted akakamatwa mwaka 1996. David akahangaika kaka yake asinyongwe, akieleza kwamba ni mgonjwa, wakati Ted hakutaka mawakili wake waseme neno hilo. Mwaka 1998 alikiri makosa akafungwa maisha. David alimwandikia barua miaka mingi bila kujibiwa, na huku akawa rafiki wa Gary Wright, mmoja wa waliojeruhiwa na mabomu yale. Alizibeba pande zote mbili.

Joho_Kuukuu:
Naongeza kwa Mfiwa_2: ni sawa, ila muulize wakili kwanza. Kama binamu ni mashahidi, msizungumzie ushahidi. Na kuhusu mdogo wako kukataa: akili zake za leo, za kuweza kuifuata kesi, ni jambo moja, za siku ya tukio ni jingine. Jaji akiwa na shaka na za leo ataagiza apimwe. Akionekana anaweza, mahakama nyingi humwachia mshtakiwa mwenyewe kuamua atajitetea kwa hoja gani. Endelea kwenda kumwona.

Dada_wa_Kwanza:
Nawashukuru wote. Mzee, wakili amelipokea daftari jana, kurasa zote. Mdogo wangu nimemwambia nitasema niliyoyaona, na kwamba neno kichaa halitatoka kinywani mwangu. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama nitarudi wiki ijayo.

Binamu yangu mkubwa si shahidi, wakili akaniruhusu. Nilimpigia mara tatu, ya tatu akapokea. Hakuitikia salamu, ila hakukata. Nikamwambia kuhusu ukurasa, nikamsomea, nikamwambia kwamba mama yake sikumwambia. Kimya kirefu. Halafu akauliza ilikuwa tarehe ngapi.