Sizoni moja tu ya kubeba saiti: The Wire, Breaking Bad, Luther au Line of Duty?

Fundi_Nondo
Wakuu habari za jioni. Wiki ijayo naenda saiti, huko mtandao ni wa kuokoteza kwa hiyo nataka nibebe sizoni moja kwenye flashi. Kijana anayejaza muvi hapa mtaani anauza kwa sizoni nzima na bajeti yangu inatosha moja tu. Napenda za kipelelezi, polisi na wahuni wanaviziana, sio za mapenzi. Kanitajia The Wire, Breaking Bad, Luther na Line of Duty. Ipi kali kuliko zote? Keshokutwa namlipa jamaa.

Chuma_cha_Pua
The Wire, hapo hakuna mjadala mkuu. Aliyeiandika ni David Simon, alikuwa ripota wa gazeti la Baltimore Sun akifuatilia mauaji miaka na miaka, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa mauaji hapohapo Baltimore afu akaja kuwa mwalimu. Ndo maana polisi wake wanaongea kama polisi na wauza unga wanaongea kama wauza unga, hakuna steling anayepiga watu ishirini peke yake. Msimu wa kwanza unahusu kona za unga, wa pili bandarini, wa tatu siasa za jiji, wa nne shule, wa tano magazeti. Ukimaliza unalijua Baltimore lote na hujawahi kukanyaga.

Mama_Nuru
Kaka Fundi, kabla hawajakujazia majina tuambie kwanza. Unaangalia kwenye simu au laptop? Uko peke yako au na watu? Kiingereza cha haraka kinapita? Na umeme huko upoje? Ukiuliza "ipi kali" kila mtu atakutajia ya kwake na utabaki ulipo.

Msee_wa_Umo
Breaking Bad buda. Mwalimu wa kemia, Walter, anaambiwa ana kansa ya mapafu, pesa hana, anaingia kupika meth, yale madawa ya kulevya, na Jesse, kijana aliyekuwa mwanafunzi wake. Hio stori inakuingia hata kama hujui Albuquerque iko wapi. Venye Bryan Cranston anatoka kuwa mtu wa kuhurumiwa mpaka anakuwa mtu unaogopa akiingia tu kwa nyumba, anafanya polepole episodi 62, sijaona muigizaji mwingine ameweza. Na kabla ya hapo watu walimjua kama baba wa kwa komedi. Alichukua Emmy nne, zile tuzo za TV za Marekani, kwa hio kazi, Aaron Paul anayeigiza Jesse akachukua tatu. The Wire ilichukua ngapi?

Chuma_cha_Pua
The Wire haikupata hata moja na hiyo ni aibu ya waliokuwa wanatoa tuzo. Mkuu leo hii vyuo vikuu vya Marekani vinaifundisha darasani, hayo mambo ya tuzo mbona hayaongezi wala kupunguza kitu.

Msee_wa_Umo
Sawa lakini episodi tatu za kwanza za The Wire hujui nani ni nani. Majina mengi, kila mtu na cheo chake, na ile Kiingereza ya Baltimore hata Wamarekani wenyewe huweka maandishi chini. Mtu ametoka kazini amechoka utampa hio?

Binti_Kigamboni
Mimi nipo na Luther na sitoki. London, mpelelezi mmoja anaitwa John Luther, koti lake la kijivu, akili nyingi na hasira nyingi. Idris Elba humo ndani ameigiza mpaka akapewa Golden Globe 2012. Afu kuna Ruth Wilson kama Alice Morgan, jamani yule dada! Kwenye episodi ya kwanza kabisa Luther anagundua kuwa ndiye muuaji ila hana ushahidi, na yeye anajua kuwa Luther anajua, wanakaa wanaangaliana. Nimeirudia hiyo sini mara nyingi na bado inanisisimua. Wote wanaomtaja Elba wamuone kwanza huku.

Chuma_cha_Pua
Elba bora ni Stringer Bell wa The Wire dada. Luther anabebwa na koti. Stringer ni muuza unga anayesoma uchumi chuoni jioni na kuendesha vikao vya wauza unga kwa kanuni za mikutano, kila mwenye hoja anasubiri apewe nafasi. Elba ni Mwingereza wa Hackney, baba Sierra Leone mama Ghana, na kwenye usaili aliwaongelea Kimarekani tupu wasijue katokea wapi. Hata Dominic West anayeigiza mpelelezi McNulty ni mtu wa Sheffield, Uingereza. Waingereza wawili wameibeba Baltimore na hujui mpaka uambiwe. Juzi nimeirudia msimu wa tatu, episodi ya 11, pale Stringer na Avon, bosi mwenzake kwenye unga, wamesimama kwenye baraza usiku wanakumbushana utoto, kila mmoja ameshamuuza mwenzake na hakuna anayesema. Afu Omar, yule anayepora wauza unga, na Brother Mouzone, muuaji wa kukodiwa, wanamfuata Stringer kwenye lile jengo wanammaliza. Nililia mimi.

Fundi_Nondo
Mkuu Chuma mbona umeniambia anakufa? Nilikuwa nimeshaanza kushawishika na hiyo The Wire yako.

Chuma_cha_Pua
Episodi imeoneshwa 2004 mkuu, muda wote huo. Na The Wire haiharibiki kwa kujua nani anakufa, unaangalia inavyofika hapo.

Mama_Nuru
Inaharibika. Mtu kaja kuuliza aangalie nini, hajaangalia, unamwekea kifo cha mhusika mkubwa mezani. Miaka haihusiani, kwake yeye ni mpya.

Dr_Sizoni
Naungana na Mama Nuru. Kila uzi wa muvi humu ni hivihivi, mtu anasimulia mwisho afu anasema ni ya zamani. Moderata waweke sheria.

Msee_wa_Umo
Na hio ndio shida ya The Wire, ukitoa hio mshtuko inabaki watu wakiongea ofisini.

Chuma_cha_Pua
Mwanangu hujaangalia msimu wa nne. Wale watoto wanne wa shule, Michael, Namond, Randy na Dukie, unawaona mwanzoni wanarushiana maputo ya mkojo na mwishoni unajua kila mmoja mtaa umemfanya nini. Hakuna ofisi hapo. Na Michael K. Williams kama Omar, Mungu amrehemu, alifariki 2021, anapita mtaani anapiga mluzi na watoto wanakimbia wanapiga kelele "Omar anakuja". Ndiye aliyemuona dada anayeigiza Snoop kilabuni akamleta kwenye sizoni, yule dada ni wa Baltimore kwelikweli. Utaniambia nini kuhusu Breaking Bad, episodi nzima watu wawili wanafukuza nzi?

Msee_wa_Umo
Hio ya nzi walifanya hivyo kwa sababu bajeti iliisha, wakafungia waigizaji wawili kwa maabara moja karibu episodi yote. Na ni moja ya zile kali! Walter hajalala, amechoka, anakaribia kabisa kumwambia Jesse siri ambayo ingewamaliza wote wawili, na wewe umeshika kiti. Sisemi ni siri gani, mimi najua heshima.

Fundi_Nondo
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Mama Nuru nakujibu. Tutakuwa wanne kwenye kontena moja, laptop ni ya mwenzetu. Jenereta linawashwa saa moja jioni linazimwa saa tatu usiku. Wawili kati yetu Kiingereza hakipandi kabisa, mmoja ni mzee wetu wa makamo, mambo ya watu kuvuliana nguo mbele yake sitaki. Tutakaa mwezi hivi au zaidi kidogo.

Mama_Nuru
Umeona sasa! Hiyo yote ulikuwa umeificha na ndiyo inayoamua. Masaa mawili kila usiku. Luther ni episodi 20 za kama saa moja moja, usiku kumi imeisha. Line of Duty ni 36, usiku kumi na nane. Breaking Bad 62 lakini fupi, kama dakika 47, hapo ni usiku ishirini na nne au tano. The Wire 60 za saa moja, usiku thelathini. Kwa muda tu The Wire inakutosha mwezi, ila ina ukuta wa Kiingereza, na nguo zinavuliwa humo tena sio mara moja, ni ya HBO ile, chaneli ya Marekani isiyoficha kitu. Na mzee.

Binti_Kigamboni
Luther haina mambo mengi ya hivyo ila inatisha, kuna yule mwenye kinyago, msimu wa pili. Watu wa kontena porini sijui kama watalala.

Dr_Sizoni
Kwa nini hakuna anayeitetea Line of Duty? Ni polisi wanaochunguza polisi wenzao, kitengo kinaitwa AC-12, na kila msimu kuna askari mkubwa mmoja anayeshukiwa. Msimu wa kwanza Lennie James, wa pili Keeley Hawes, wa nne Thandiwe Newton ambaye mama yake ni wa Zimbabwe. Watatu wa kitengo ndo wanabaki, Steve, Kate na bosi wao Hastings. Yule Martin Compston anayeigiza Steve ni Mskoti, zamani alicheza mpira Greenock Morton, lakini humo anaongea Kiingereza cha England toka mwanzo mpaka mwisho. Na yale mahojiano! Watu wamekaa kwenye meza, kinasa sauti kinalia mlio mrefu, na dakika kumi na tano hakuna anayenyanyuka na bado moyo unakwenda mbio. Kwa mtu wa Bongo anayejua habari za kubambikiwa kesi hii itamgusa kuliko zote. Heshima kwa mzee pia ipo, ukiacha sini chache za mwanzoni.

Msee_wa_Umo
Lakini mwisho wa msimu wa sita walituangusha. Tumengoja miaka kujua H, yule askari mla rushwa aliyejificha, ni nani afu tunapewa yule.

Dr_Sizoni
Ule mwisho ndo ukweli wenyewe. Rushwa haina bosi mwenye akili nyingi aliyejificha, ni mtu wa kawaida anayepandishwa cheo kila akiharibu. Mimi niliuelewa na nauheshimu. Na BBC wametangaza wanarudi na msimu wa saba.

Mpiga_Debe_Mstaafu
Fundi kaka, achana na ipi kali, nikupe yaliyonikuta. Nilikuwa naenda kisiwani kikazi, nikapita kwa jamaa mmoja anajaza muvi, nikamwambia nipe Breaking Bad yote, akaniambia ipo, HD, ya Kiswahili, nikalipa nikaondoka na boti. Kufika kule nafungua usiku wa kwanza, kumbe ni ile yenye mtu anasimulia juu ya sauti, sio mbaya, mimi sina shida na tafsiri, lakini huyu msimulizi alikuwa anaongea mpaka pale ambapo waigizaji wamenyamaza, sini ya kimya Walter anamwangalia mkewe yeye anatangaza namba za simu za duka lake, afu episodi zimeandikwa namba tu bila msimu, kwa hiyo ya 5 ya msimu wa kwanza na ya 5 ya msimu wa tatu zote zinaitwa 5, nikaangalia mtu amekufa afu kesho yake yupo mzima anakula kuku, nikahangaika kupanga kwa kuangalia nywele za Walter, akiwa na nywele ni mwanzo akiwa na kipara ni mbele, nikafika msimu wa tano episodi nane za mwisho hazipo kabisa, badala yake kuna muvi ya kareti. Simu haishiki, boti hakuna mpaka wiki ijayo. Nikakaa kule sijui imeishaje na wenyeji nao nimeshawanogesha kila usiku wanakuja na mikeka wananiuliza inaendelea lini. Kwa hiyo kaka, kabla hujampa hela mwambie afungue mbele yako. Fungua ya kwanza, fungua ya katikati, fungua ya mwisho kabisa. Hesabu episodi, Mama Nuru kakuwekea namba. Na kama kuna maandishi chini angalia kama yanakwenda na mdomo.

Fundi_Nondo
Asante sana mkuu, hili sikuliwaza. Yeye amesema ya tafsiri ni Breaking Bad na Luther, hizo mbili nyingine ni Kiingereza tu.

Chuma_cha_Pua
Tafsiri inaua uigizaji mkuu. Sauti ndo nusu ya muigizaji. Ukimfunika Elba umeangalia nini sasa? Bora watu wajifunze.

Mama_Nuru
Kaka Chuma, mzee wa watu ametoka kufunga nondo toka asubuhi, saa moja usiku ajifunze Kiingereza cha Baltimore? Wengi wetu tumekua na muvi za kusimuliwa kwenye mabanda ya video na tulizipenda. Msimulizi mzuri anajua kunyamaza, tatizo ni wale wabaya.

Binti_Kigamboni
Halafu wanaomtaja Elba, lile suala la studio Zanzibar limefikia wapi? 2023 alikutana na Rais Samia kule Davos, 2024 tukasikia amepewa eneo kama hekta 80. Nikifikiria siku moja sizoni ya kipelelezi imepigwa Forodhani na Darajani, mpelelezi anakimbiza mtu kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, natamani hata kesho.

Dr_Sizoni
Studio bila waandishi ni jengo tu. Wenye uwezo wa kuandika upelelezi tunao, ila wanapewa kazi za mapenzi na wachawi kwa sababu ndo zinauzika.

Msee_wa_Umo
Huku tumeshaanza. Crime and Justice ilitoka 2021, Sarah Hassan na Alfred Munyua ni wapelelezi wa Nairobi, Makena na Silas, na kesi zinatokana na vitu tulivyosoma kwa magazeti. Fundi, hio mzee wako ataelewa, kuna Kiswahili ndani, na mitaa utaitambua.

Fundi_Nondo
Hiyo sijaisikia. Ina episodi ngapi na jamaa wa hapa anaweza kuwa nayo? Maana sasa nimebaki kati ya Line of Duty na Breaking Bad ya tafsiri, mwenye laptop anataka Luther, na mzee kasema yeye anataka ya mtu mmoja anayepiga wote.

Chuma_cha_Pua
Mpe The Wire msimu wa kwanza tu, kumi na tatu hizo. Akikataa nipigie mimi.

Mpiga_Debe_Mstaafu
Wakuu kuna mwenye zile nane za mwisho za Breaking Bad? Niko Kimara, nakuja na flashi yangu.