Kikapu cha Ukoo: Jumamosi ni mechi ya tano

Dada Rehema 07:12
Assalam aleikum wote. Jumamosi saa kumi alasiri tunaangalia fainali ya WNBA 2024, ligi ya kikapu ya wanawake Marekani, New York Liberty na Minnesota Lynx, mechi ya tano. Mabinti wanaanza mashindano wiki ijayo. Kabla ya saa sita nijue: nani analeta projekta, na nani anakaa kwenye kompyuta kusimamisha video?

Dada Rehema 07:15
Hatuangalii yote. Vipande vitatu tu: mwisho wa mechi ya kwanza, sekunde za mwisho za robo ya nne kwenye mechi ya tano, halafu zile dakika tano za nyongeza.

Dada Rehema 09:40
Watu 23 mmesoma. Hamna vidole?

Juma 09:52
Mimi nakuja kumwona Ellie tu 🐘 Yule anayevaa vazi la tembo wa Liberty anacheza kuliko sisi wote siku ya harusi

Neema 09:53
🤣🤣 na ule msuko wake

Kibwana 09:55
Harusi isitajwe humu tafadhali 🤣

Dada Rehema 09:56
Juma. Projekta.

Kaka Idi 11:20
Mechi ya kwanza msiipitie haraka. Liberty waliwahi kuongoza kwa 18. Mwishoni wako mbele 83-80, Courtney Williams wa Lynx anarusha ya pointi tatu, Ionescu wa Liberty anamgonga. Inaingia, na mtupo huru anafunga. Pointi nne kwa shambulio moja, zimebaki sekunde 5.5. Ukiongoza kwa tatu, kosa pekee linaloweza kukunyang'anya ushindi papo hapo ni hilo. Beki asimame hatua moja kabla ya mrushaji, mkono juu, miguu isiingie pale anapotua. Wafanye kwa vitendo, siyo kuangalia tu.

Dada Rehema 11:24
Umenena. Kisha Stewart wa Liberty, sekunde 0.8, mitupo huru miwili. Wa kwanza ndani, 84-84. Wa pili nje. Lynx wakashinda 95-93 kwenye nyongeza.

Shangazi Mwanaidi 13:05
Naona mnapanga. Ile faulo ya Alanna Smith wa Lynx, mechi ya tano, mtaionyesha, au mtairuka kama mara ile?

Dada Rehema 13:06
Shikamoo shangazi. Hatuiruki.

Shangazi Mwanaidi 13:11
Marahaba. Lynx 60, Liberty 58, sekunde 5.2, Stewart anapewa mitupo miwili. Cheryl Reeve, kocha wa Lynx, anaomba iangaliwe upya, marefa wanashikilia. Mguso ule ungekuwa robo ya kwanza, nani angepuliza? Na mitupo huru Liberty 25, Lynx 8! Kocha mwenyewe alisema wameibiwa. Mimi nilipoyasema hayo humu mlinitoa kwenye kundi.

Kibwana 13:14
Shangazi, ile ilikuwa simu ilijibonyeza

Shangazi Mwanaidi 13:14
Kibwana usinianze.

Kaka Idi 13:30
Shangazi, hiyo 25 kwa 8 ina sababu yake. Siku ile kutoka nje hakuingii kitu, Ionescu alifunga 1 kati ya mitupo 19. Ikabidi mpira uingie kwa Jonquel Jones na Stewart chini ya ringi, na anayeingia ndani ndiye anayegongwa.

Shangazi Mwanaidi 13:37
Hiyo naikubali. Ya sekunde 5.2 siikubali.

Neema 14:02
Jones naye atajwe jamani. Alipoteza fainali 2019 na 2022 akiwa Connecticut, 2023 akiwa Liberty, ndipo 2024 akawa mchezaji bora wa fainali. Na Liberty yenyewe iko tangu ligi inaanza 1997, ilipoteza fainali tano kabla ya hii.

Dada Rehema 14:20
Atatajwa. Sasa nyongeza. Fiebich wa Liberty anafungua na pointi tatu, mwenzake Sabally anapora pasi, anamalizia mwenyewe, 65-60. Lynx wanapata pointi 2 tu dakika zote tano, tena za mitupo huru. Inaisha 67-62. Waelezwe pia kwa nini Sandy Brondello, kocha wa Liberty wakati ule, alimwanzisha Fiebich kwenye mtoano, Vandersloot akaanzia benchi: Fiebich ni mrefu, kwa hiyo skrini ikiwekwa (mshambuliaji anaposimama kumzibia beki njia) mabeki wanabadilishana watu bila mfupi kuachiwa mrefu. Kipande cha Sabally kirudiwe mara tatu. Simamisha KABLA hajanyoosha mkono, waulizwe pasi inakwenda wapi.

Juma 14:22
Na Ellie anatokea dakika ya ngapi?

Dada Rehema 14:22
JUMA.

Babu Salim 18:31
Wajukuu, nimesoma yote. Mwanaidi alitolewa na hakuna aliyemwomba radhi. Aombwe kwanza, hapa hapa mbele ya wote. La pili. Mtupo alioukosa Stewart tarehe 10 Oktoba na miwili aliyofunga tarehe 20 viwekwe vikifuatana. Ni mtu yule yule na mstari ule ule, siku kumi tu. Msiongee juu yake. Halafu mabinti warushe mitupo huru kumi kumi baada ya kukimbia, wakihema. Mkiwarushisha wakiwa wamepumzika mnawadanganya.

Dada Rehema 18:58
Shikamoo babu. Tumesikia.

Kibwana 19:26
Shangazi, nisamehe. Simu haikujibonyeza, ni mimi. Nilikosea.

Kaka Idi 19:27
🙏

Shangazi Mwanaidi 21:10
Nimeona, Kibwana. Nitakuja. Lakini kwenye kompyuta nakaa mimi, na ile 5.2 naisimamisha mimi.

Dada Rehema 21:12
Kompyuta ni shangazi, imepita. Projekta bado!!

Da Tatu 22:47
Samahani nimeshika simu sasa hivi. Ni Jumamosi hii au ijayo?

Neema 22:50
Projekta si haijarudi kwa yule bwana tangu ile siku?

Dada Rehema 22:51
Nani ana namba yake