UKOO WA BIBI – TUKUYU JUMAMOSI

*Jumanne*

Tusekile, 18:52
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Kitabu cha picha za Bibi lazima kifike steshenari Mwanjelwa Alhamisi asubuhi, la sivyo Jumamosi tunapanda Tukuyu mikono mitupu. Picha zote na ile video ziko kwenye kompyuta ya sebuleni kwa Baba Mkubwa, Uyole. Anayepanga kurasa ni Ambokile, kwenye laptopu yake. Sasa laptopu haiioni kompyuta. Ziko nyumba moja, zimeachana ukuta mmoja! Nani anayajua haya mambo?

Ambokile, 18:58
Nikifungua pale pa mtandao naona printa tu. Nikiandika jina la kompyuta inasema haifikiki

Tusekile, 19:20
Naona mmesoma watu 19.

Mama Lugano, 19:24
Amina

Tusekile, 19:24
Amina ya nini mama mdogo?

Mama Lugano, 19:31
Nilikuwa naitikia sala ya asubuhi 🙏🙏

Gwantwa, 19:33
Zimeni muwashe

Ambokile, 19:34
Nimezima nimewasha mara tatu da Gwantwa, mpaka ruta

Gwantwa, 19:35
Basi zitume humuhumu kikundini

Ambokile, 19:38
Picha zikipita humu zinapungua ubora, na sisi tunataka kuchapa. Nikizituma kama dokumenti hazipungui ila folda nzima ni GB 38. Video ya Bibi peke yake GB 6, na humu dokumenti moja mwisho GB 2

Lusajo, 19:40
GB 38 kwa bando la nani 😂

Anyosisye, 19:40
La mwenye parachichi 😂😂😂

Lusajo, 19:41
Hela ya parachichi mwaka huu tusiiongelee, watu wana presha

Anyosisye, 19:41
Wengine wamepaua nayo

Gwantwa, 19:42
We Anyo we! 😂 Bati za rangi gani hizo?

Tusekile, 19:43
JAMANI. Kitabu.

Atupele, 19:50
Namwambia mume wangu baba Kelvin, shemeji yenu, aandike hapa, ndiyo kazi yake

Shemeji Iringa, 19:55
Kamwene. Shikamoo Baba Mkwe, shikamooni wote.

Anyosisye, 19:55
Mhehe kaingia, ficheni ulanzi

Shemeji Iringa, 19:57
Ulanzi nitakuja nao Jumamosi shem, usijali. Ambokile, usibadilishe mpangilio wowote kwanza. Tujue kama hizo mashine mbili ziko mtandao mmoja. Kwenye kila moja tafuta cmd, kitafunguka kidirisha cheusi, andika ipconfig, bonyeza Enter. Nisomee mstari wenye IPv4.

Anyosisye, 19:59
Mimi nimeona YouTube, unazima ulinzi wote wa Windows halafu unawasha SMB 1, zinaonana papo hapo

Shemeji Iringa, 20:02
Hapana shem, hapo nakuomba sana. SMB 1 ni njia ya zamani ya kompyuta kupeana mafaili. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa kwa kupitia udhaifu wa mlango huohuo, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Kile kirusi kilikuwa kinafunga mafaili ya watu na kudai hela. Ndiyo maana Windows za siku hizi zinakuja ikiwa imezimwa. Tuwashe mlango huo kwenye kompyuta yenye picha za Bibi ambazo hazina nakala? Bora tukose kitabu.

Ambokile, 20:06
Kompyuta: 192.168.1.14
Laptopu: 192.168.8.103

Shemeji Iringa, 20:09
Ugonjwa ni huo. Linganisha mafungu matatu ya mwanzo. Moja inasema 192.168.1, nyingine 192.168.8. Kwenye ruta za nyumbani yale matatu yakitofautiana, mashine ziko mitaa miwili. Kila ruta inagawa namba za kwake, na ya huku haijui ya kule. Zote zinapata intaneti, ndiyo maana mtu anadhani ziko pamoja, lakini zenyewe kwa zenyewe hazionani hata mkae mwaka mzima. Hiyo .8 mara nyingi ni ruta ya laini ya simu. Humo ndani mna ruta mbili?

Ambokile, 20:11
Zipo mbili. Kompyuta ina waya wa faiba. Laptopu iko kwenye waifai ya kaka Lusajo, ile ya koridoni

Tusekile, 20:11
Ambo unatumia ya Lusajo tangu lini?

Ambokile, 20:12
Tangu paswadi ya faiba ilipobadilishwa dada

Lusajo, 20:14
Asante kwa kuuliza. Mwezi wa tano mwaka jana nimetoka safari, nawasha simu nyumbani kwa baba yangu mzazi, naambiwa paswadi siyo sahihi. Nikaonekana mgeni. Nikanunua yangu. Kosa langu lipo wapi?

Tusekile, 20:15
Kosa ni miezi minne uliyosema "nitatuma kesho". Faiba nalipa mimi, nakaa mtaa wa Forest, siitumii hata siku moja!

Lusajo, 20:15
Na ile ya Kyela nani alilipa?

Tusekile, 20:16
Usianze ya Kyela.

Gwantwa, 20:16
Mwe!

Baba Mkubwa, 20:21
Nimesoma yote tangu mwanzo. Hiyo faiba niliivuta mimi, nikiwa bado kazini, ili watoto wa humu ndani na wanaokuja wasome. Mama yangu alipikia jiko moja, sisi watoto tisa na wajukuu juu yetu. Sikuwahi kuona chungu chake kimefungwa kufuli. Tusekile, mpe mdogo wako hiyo paswadi leo hii. Lusajo, deni lako unalijua, lilipe, sitaki likumbushwe tena humu. Mama yangu yumo ndani ya kompyuta hiyo anataja majina ya baba zetu kwa mdomo wake. Watoto wenu hawayajui. Mimi mwenyewe mawili yananipotea.

Tusekile, 21:04
Samahani Baba Mkubwa. Nimemtumia Ambokile. Na Lusajo pia.

Shemeji Iringa, 21:06
Vizuri umemtumia pembeni shemeji, paswadi isiandikwe humu. Ambo, ukishaunganisha hiyo ya faiba, Windows inaichukulia kama mtandao wa hadharani, kama uko stendi ya basi, na inaificha laptopu. Ingia kwenye mipangilio ya waifai hiyo uweke Private. Fanya hivyohivyo kwenye kompyuta ya Mzee. Halafu ipconfig tena.

Ambokile, 21:19
192.168.1.22!!! Imeonekana!! Ila nikibonyeza inataka jina na paswadi. Nimeweka PIN yangu inakataa

Shemeji Iringa, 21:23
PIN ni ya kufungulia mashine uliyoikalia tu, haivuki waya. Na inachoulizwa siyo cha laptopu yako, ni jina na paswadi ya kompyuta unayoiendea. Ya Baba Mkwe inafunguka kwa paswadi gani?

Ambokile, 21:24
Haina. Inawaka tu

Shemeji Iringa, 21:27
Ndiyo maana. Akaunti isiyo na paswadi Windows hairuhusu itumike kutoka mashine nyingine, inafunguka ukiwa umekaa mbele yake tu.

Baba Mkubwa, 21:29
Mimi sitaki kuulizwa paswadi kwenye kompyuta yangu. Macho yenyewe haya.

Shemeji Iringa, 21:31
Hutaulizwa Baba Mkwe. Ya kwako inabaki ilivyo. Ambokile atatengeneza akaunti ya pili pembeni, aiite ukoo, aipe paswadi, halafu abofye kulia kwenye folda ya Bibi na kuipa ukoo ruhusa ya kusoma tu. Isome, isiandike. Hapo hata mtu akikosea huko kwenye laptopu hawezi kufuta picha hata moja kwenye kompyuta yako.

Baba Mkubwa, 21:33
Hapo sawa. Ndaga fijo baba.

*Jumatano*

Tusekile, 06:40
Ambo umefikia wapi?

Tusekile, 07:15
Ambokile

Tusekile, 08:02
Ambokile!!

Ambokile, 08:30
Shikamoo dada. Akaunti imekubali jana usiku, folda imefunguka, nikaanza kunakili. Inaenda MB 2 kwa sekunde, inasema itachukua saa 5 na kitu. Nikalala, laptopu nayo ikalala, ikakatika. Picha zimeingia kama nusu

Shemeji Iringa, 08:41
Laptopu iko chumba cha nyuma? Kuta za tofali zinakula waifai. Isogeze sebuleni, achana na waifai, chomeka waya kwenye ruta ya faiba, huwa ina matundu kadhaa nyuma. Hata tundu likiwa la kizamani la megabiti 100 utapata MB 11 hivi kwa sekunde, GB 38 zote ni kama saa moja. Na kwenye mipangilio ya umeme uiambie laptopu isilale. Ukianza upya, zilizokwisha kuingia ziruke, ila ile iliyokatikia katikati uirudie.

Ambokile, 08:44
Waya sina. Madukani Kabwe zipo, mita 5 zinatosha. Hela sina

Tusekile, 08:44
Lusajo uko mjini, mchukulie kaka.

Mjomba Kyela, 09:10
Kwa nini msitumie flashi tu? Mnasumbuka

Ambokile, 09:13
Nilijaribu jana asubuhi mjomba. Picha zinaingia, video inakataa, inasema faili kubwa mno wakati nafasi ipo GB 50

Shemeji Iringa, 09:20
Shikamoo mjomba. Hiyo flashi imepangwa kwa FAT32, mpangilio wa kizamani, haipokei faili moja linalozidi GB 4 hata iwe tupu. Dawa yake ni kuifomati iwe exFAT, lakini ukifomati kila kilichomo kinaondo

Shemeji Iringa, 09:20
kinaondoka.

Tusekile, 09:21
HAPANA. Neno fomati lisitajwe kwenye ukoo huu. Tumeshaona.

Lusajo, 09:25
Nilijua tu. Miaka saba. Niliambiwa flashi ni tupu. Niliambiwa na nani? Aseme mwenyewe

Gwantwa, 09:26
Lusajo mdogo wangu yaishe

Lusajo, 09:26
Hayaishi da Gwantwa. Zile picha za mama zilikuwa za kwangu pia.

Tusekile, 09:48
Aliyesema ni mimi.

Tusekile, 09:49
Nilidhani nimeshazihamisha. Sikuangalia. Ndiyo maana hizi za Bibi nazikazania hivi mpaka mnanichukia.

Anyosisye, 09:55
Jamani mbalaga Jumamosi anapika nani, tujue idadi ya ndizi

Mama Lugano, 09:57
Ndizi nitatoa mikungu miwili

Gwantwa, 09:58
Mama mdogo mikungu miwili kwa ukoo huu? 😂

Baba Mkubwa, 10:15
Ndizi zitapatikana. Picha na video zinakiliwe mara tatu. Moja ikae Iringa, moja Forest, moja hapa. Lusajo ndiye atakayeishika ya hapa.

Shemeji Iringa, 10:22
Sahihi kabisa Baba Mkwe. Na moja isikae imechomekwa kwenye kompyuta muda wote, radi ikipiga zote zinaondoka pamoja. Hizo nakala zinahitaji hard disk za kuchomeka, flashi hazidumu. Nani anachangia?

Tusekile, 10:40
Nani anachangia hard disk?

Tusekile, 13:05
Mmesoma 27.

Gwantwa, 13:30
Nitaangalia mwisho wa mwezi

Ambokile, 17:10
Waya umefika. Umeletwa na bodaboda, amesema umelipiwa. Nimechomeka, inakimbia MB 11 kama shemeji alivyosema. Dakika 40 zimebaki

Tusekile, 17:11
Ndaga. Nani amelipa?

Ambokile, 17:12
Hajasema jina

Ambokile, 17:34
Umeme umekatika Uyole yote. Mvua kubwa. Laptopu ina chaji, kompyuta na ruta zimezimika. Imefika asilimia 61. Video ilikuwa ndiyo inaingia

Tusekile, 17:35
Umeme ukirudi tu anza na video. Ikiisha ifungue uisikilize mpaka anapomaliza kutaja majina, siyo mwanzo tu. Steshenari nitawaomba mpaka saa sita mchana kesho.

Shemeji Iringa, 17:50
Umeme ukirudi thibitisha kwanza namba ya kompyuta. Ruta ikiwaka upya inaweza kuipa nyingine, isiwe tena .14. Tumia jina lake badala ya namba.

Mjomba Kyela, 20:15
Sasa kikao ni saa ngapi na wapi?

Lusajo, 22:47
Umeme umerudi. Ruta yangu sijaiwasha, nimehamia ya faiba. Ambo ameanza na video. Waya nimelipa mimi, miezi minne sijasema.

Tusekile, 22:48
Na hard disk?